Semina ya vijana ya siku mbili hapa Tanga: elfu thelathini yangu na lile boksi la viatu

Wazazi wenzangu mlioniuliza ile semina ya vijana inafaa au tunaliwa hela tu, najibu hapa mara moja maana tangu Jumatatu simu haijapumzika. Walioiandaa siwataji na shule ilipofanyikia siitaji, aliyekuwepo anajua, na sitaki ugomvi na mtu. Mie nasema nilichokiona kwa macho yangu kwasababu wengine mliwashusha watoto getini mkageuza bodaboda, mie niliingia ndani nikakaa dawati la nyuma kabisa na mkoba wangu mapajani kama mwanafunzi aliyekariri darasa. Nawapa nyota tatu kwa tano. Mbili na nusu kati ya hizo ni za nesi peke yake.

Kwanini nilitoa hela yangu, hilo nalo mlijue. Nina duka la dawa muhimu Ngamiani, mwaka wa tisa huu, na mtoto wa shule akija dukani kununua kitu cha aibu huwa anaanza na Panadol. Anataka mbili, analipa, haondoki. Anasoma bango la mbu ukutani mpaka yule mama wa dawa ya kikohozi atoke, alafu ndo anasogea, "anti, dada kaniagiza P2," yaani kile kidonge cha dharura cha kuzuia mimba. Kila anaekuja kaagizwa na dada, hii Tanga ina madada wengi jamani! Nikimuuliza huyo dada ilikuwa lini, na siulizi kwa umbea, nauliza kwakuwa kile kidonge kina masaa yake 72 na kadiri anavyochelewa ndo kinavyopungua nguvu, basi anakusanya Panadol zake huyoo, na mie nabaki nimeshika kaunta sijui kaenda duka gani na huko kaambiwa nini. Wengine nawajua kwa sare, wengine nawajua mpaka mama zao, tunakutana shughulini tunakumbatiana na siwezi kufungua mdomo. Kwahiyo nilipoona tangazo la semina ya afya ya uzazi, mahusiano na kujitambua kwa wanafunzi wa sekondari nikasema hii ndo yenyewe, bora wakaulize huko mapema.

Bei 15,000 kwa mtoto, nikapeleka wawili, binti yangu wa Form Three na mtoto wa kaka yangu, wa kiume, yeye Form Two. Jumamosi na Jumapili, saa 2 asubuhi mpaka saa 9 alasiri. Ndani ya hiyo bei kuna chakula, daftari, kalamu na wasichana kila mmoja pakiti ya pedi. Chakula sina neno, wali wa nazi wenyewe, maharage na kipande cha samaki, walioandaa hapo wasibadilishe mpishi. Umeme ulikatika mara mbili. Twende kwenye mambo.

Jumamosi asubuhi alianza kaka mmoja, kavaa vizuri, sauti anayo, na projekta. Ile saa nzima ya kwanza ni mapicha ya magonjwa ya zinaa, makubwa ukuta mzima, vidonda na usaha, watoto wa watu hawajanywa hata chai. Wasichana wamefunika nyuso kwa madaftari, wavulana wanacheka kile kicheko cha woga, na yeye anafurahi anaona somo limeingia. Alafu akauliza "kuna mwenye swali?" Kha! Nani atauliza hapo? Anaeuliza si ataonekana anao huo ugonjwa. Mie na duka langu hiyo ndo kazi yangu ya kila siku kuiona, mtu anaogopa mpaka anachelewa, kijana anakuja na kaswende ya wiki kadhaa kwasababu kuna mtu mzima alimtisha badala ya kumwambia kwamba inatibika na sindano zipo hospitali.

Tatizo kubwa la yule kaka lakini sio picha. Alichora ubaoni vijumba 28, akapaka rangi, akawaambia wasichana hizi ndo siku salama na hizi ndo siku za hatari, mhesabu hivi na hivi. Binti yangu kanakili yote na kapiga mstari kwa rula. Nilitamani kusimama. Jamani msichana wa miaka 14, 15, hedhi yake bado haijatulia, mwezi huu siku 24 mwezi ujao 40 na hana ugonjwa wowote, ndo mwili unajipanga. Yai linatoka kama siku 14 kabla ya hedhi INAYOFUATA, sio baada ya iliyopita, na mbegu za mwanaume zinaweza kukaa hai mle ndani mpaka siku 5. Sasa hiyo hesabu gani ambayo jibu lake unalipata mtihani ukishaisha? Wakati wa chai nikamfuata taratibu, nikamwambia mwanangu pale ubaoni pana shida. Akanijibu "mama hayo ni mambo ya kitaalamu sana, tumewarahisishia." Nikarudi dawati langu la nyuma.

Baada ya chai wakamleta bibi mmoja, kungwi, mtu mzima wa mjini hapahapa, kajifunga khanga zake mbili zinanukia udi mpaka nyuma nilipokaa. Hapa nikakaa sawa. Mie mwenyewe niliwekwa ndani nikachezwa unyago, kwahiyo nilijua anachokuja nacho, na nusu ya kwanza alinifurahisha mno. Aliwaambia wasichana anaetumia vitambaa avifue kwanza kwa maji baridi ndo sabuni ifuate, na aanike juani kwenye kamba kama nguo nyingine, asikifiche chini ya godoro kibichi kwa aibu maana huko kinaota ukungu na muwasho unaanzia hapo. Hilo ni la maana kuliko projekta yote, maana pedi sio kila nyumba zinanunuliwa, ile kodi ya pedi waliiondoa mwaka 2018 wakairudisha mwaka uliofuata na bei mnaijua. Akasema tena kwamba somo, yaani kungwi wa mwali, haangalii pembeni mwali wake akimuuliza. Wasichana wakaanza kuinua vichwa. Alafu sasa akaingia kwenye kuvumilia, mwanamke ni stara, mume anatunzwa hivi, hasira zake zinapozwa vile, kwa watoto wa Form Two! Nikakumbuka siku zangu za ndani, nilifundishwa kutandika kitanda na kutandua, nilifundishwa namna ya kupokea mkoba wa mume, na hapakuwa na mmoja aliyenambia kwamba naweza kusema sitaki na dunia isipasuke. Sio kwamba nawadharau makungwi, wao walau walikuwa na mtu mmoja kwa mwali mmoja, na mwali alikuwa na pa kwenda hata akishaolewa. Sie tumewaondoa alafu hatukuweka kitu pale.

Na sasa lile lililoniuma. Ilipofika mada ya hedhi, mwandaaji akasimama akatangaza wavulana watoke wakacheze mpira. Wakatoka wote kama wamefunguliwa zizi. Saa nzima na zaidi wako uwanjani, wamelipa 15,000 kucheza chandimu. Mtoto wa kaka yangu kwenye bajaji jioni magoti yote vumbi ananiuliza, "shangazi, kwani wale walikuwa wanafundishwa nini?" Binti yangu akageuza shingo akaangalia barabara. Nikamwambia nitakueleza nyumbani na nikamueleza, nikichuja mchele, kwamba kila mwezi ni hivi na hivi, na ile siku mnamcheka mwenzenu sketi imechafuka darasani mjue asubuhi yake aliamka tumbo linamkata akaja shule hivohivo. Akakaa kimya kidogo akasema "kumbe wanaumwa." Ndo hilo tu, dakika kumi, halikuhitaji mpira.

Jumapili ikaokoa. Aliletwa nesi, dada wa makamo, hana projekta, kaja na boksi la viatu limetobolewa tundu juu. Angalieni alivyofanya maana hapa ndo pana akili. Aligawa vikaratasi vya saizi moja kwa watu WOTE, akasema kila mtu aandike, asiye na swali aandike "sina swali" mara tatu, kwa herufi kubwa, ili kila kalamu ionekane inatembea. Hakuna aliyemuona mwenzake kaandika nini. Wavulana nao aliwarudisha ndani, mwandaaji akataka kusema kitu, nesi akamwambia "kaka waache wakae, mimba haipandwi kwenye sketi ikaota yenyewe." Darasa zima likacheka na ndo likafunguka.

Jamani yale maswali. Ukinywa chai ya rangi ina limau baada ya tendo mimba haingii? Mara ya kwanza unaweza kushika mimba? Kondomu ikikaa kwenye pochi miezi sita bado nzima? Mwanaume akikulipia chipsi na nauli ya boda kila siku lazima umlipe nini? Dada alijibu moja moja bila kukunja uso. Limau na chai ni kinywaji, havijui chochote kuhusu mimba. Mara ya kwanza unashika, hata kabla hujaona hedhi yako ya kwanza unaweza maana yai linatangulia. Ya pochi alimuita mvulana mmoja mbele, akamuuliza pochi unaweka wapi, akasema mfuko wa nyuma, akamwambia basi unaikalia, inapata joto, inasuguliwa, mpira unachoka, na kila pakiti ina tarehe, soma tarehe. La chipsi hakulijibu yeye, aliwarudishia wavulana, "nyie mkinunua chipsi mnanunua chipsi au mnanunua mtu?" Zogo likazuka pale dakika kumi, mmoja akasema hela inatafutwa kwa shida bwana hailiwi bure, msichana wa nyuma akamjibu basi kula chipsi zako. Wallahi nilicheka mpaka machozi, ila wale watoto walikuwa wanajadiliana kitu chenyewe, sio picha za ukutani.

Siku salama nayo ilitoka kwenye boksi, tena mara nne, na nesi akaifuta mbele ya watu wote kwa upole bila kumtaja yule kaka. Akaweka chaki kumi mezani, akalaza mbili pembeni, akasema kwa takwimu za afya za 2022 kati ya wasichana 100 wa miaka 15 hadi 19 nchi hii 22 wameshawahi kushika ujauzito, miaka ya 2015 na 2016 walikuwa 27, kwahiyo inapungua, na inapungua pale watu wanapojua. Kuhusu chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi akawaambia ilianza nchi nzima 2018 kwa wasichana wa miaka 14, sasa wanaanza toka 9, dozi moja, na haihusiani na ugumba kama wanavyotishana. Kupima virusi vya ukimwi, aliyefika miaka 15 anapima bila kwenda na mzazi, sheria ilibadilishwa 2019. Na mtu akibakwa au kondomu ikipasuka na ana wasiwasi, aende hospitali haraka, Bombo au kituo chochote cha karibu, dawa ya kuzuia virusi ina mwisho wake masaa 72, asikae nyumbani analia mpaka Jumatatu. Hilo la mwisho nililiandika kwenye mkono wangu mwenyewe, nalijua lakini kwa jinsi alivyolisema.

Kikaja kikaratasi kimoja akakisoma kimoyomoyo kwanza. Akakisoma kwa sauti, kwamba kuna mtu mzima anayemheshimu anamtumia meseji usiku na amemwambia asimwambie mtu. Kimya. Feni tu ndo inasikika. Nesi hakuuliza nani, akasema aliyeandika hajakosea kitu, siri ambayo mtu mzima anamuomba mtoto aitunze ndo dalili yenyewe, simu 116 ni ya watoto na ni bure, polisi kuna dawati la jinsia na watoto, na yeye mwenyewe atakaa chini ya ule mkungu nje mpaka saa 11 anapunga upepo, anaetaka kupita apite. Na kweli alikaa. Nilipokuwa natoka nikaona wasichana wawili wanazunguka kama wanatafuta bomba la maji. Nikageuza macho nikaondoka zangu.

Afande wa kike wa dawati alikuwepo pia, akaongea sheria nusu saa, alieleweka. Msichana chini ya miaka 18 hata akikubali yeye mwenyewe sheria inaita ubakaji, na kumpa mwanafunzi mimba ni miaka 30 kwa sheria ya elimu tangu 2016. Wavulana wakatulia tuli. Mmoja akauliza na kama mie nina 16? Akajibiwa mwenye umri huo adhabu yake ni tofauti na ya mtu mzima ila kesi ni kesi. Safi. Ila msichana mmoja akainua mkono akauliza kama chini ya 18 ni kosa mbona jirani yetu kaolewa na ana 16? Hapo ukumbi mzima ukamgeukia afande, na MC akadakia "muda, muda." Sio muda, ni kwamba jibu lina aibu. Sheria ya ndoa ni ya 1971, inaruhusu binti wa 15 kuolewa mzazi akiridhia, Mahakama Kuu mwaka 2016 ikasema inapingana na katiba ikatoa mwaka mmoja irekebishwe, serikali ikakata rufaa, 2019 Mahakama ya Rufani ikasema vilevile. Mtoto kauliza swali la kisheria kuliko wakubwa waliokaa mbele, angejibiwa.

Hata aliyepata mimba kurudi shule hawakugusia, na pale ndani nina hakika kuna waliotaka kusikia kwamba tangu Novemba 2021 mlango upo wazi, anajifungua na anarudi.

Sasa kwanini hapakuwa na muda. Mgeni rasmi! Alitakiwa saa 4, kafika saa 6 kasoro, watoto wamesimamishwa juani wanaimba, akaingia akahutubia dakika 50 kuhusu utandawazi na suruali za kubana. Boksi la nesi lilipangiwa saa moja na nusu, likabaki dakika 40. Nilihesabu, mie mtu wa duka nahesabu kila kitu, vikaratasi vilivyosomwa ni 19, na mle ndani walikuwa watoto 70 na ushee. Toa wale wa "sina swali," bado yamebaki maswali mengi kwenye boksi la viatu yamefungwa na raba. Mngemuacha mgeni rasmi aje kugawa vyeti tu akale wali wake aende.

Kwahiyo mnaouliza mpeleke au msipeleke, wametangaza nyingine likizo ya Desemba, mie nimewaandikia meseji: nesi awepo siku zote mbili, wavulana wakae ndani, ule ubao wa siku salama ufutwe, na maswali yote yasomwe hata kama mgeni rasmi atasubiri. Tiki mbili za bluu, wiki ya pili hii. Hela ya Desemba nimeiweka kwenye kopo la sukari, wakijibu natoa, wasipojibu namtafuta nesi mwenyewe tukae hata ukumbini kwangu na vijana wa mtaa, boksi la viatu ninalo.

Ah, na binti yangu. Usiku wa Jumapili kakaa kwenye mbuzi anakuna nazi, kanipa mgongo, akasema bila kugeuka, "mama, karatasi yangu haikusomwa." Nikamuuliza uliandika nini. Akakuna kwanza, akakuna, ndo akasema. Sitawaambia alichouliza. Nusu nilikuwa nalijua nikamjibu, nusu nikamwambia hili ngoja nimuulize nesi kesho, na hakuonekana kushtuka kwamba mama hajui. Nazi zilikuwa mbili, ya pili ilipoisha bado tunaongea, na wali siku ile tulikula saa 4 usiku.